Ukurasa Usiouliza Mara Mbili

Baba yangu ni fundi saa, na neno lake la kwanza kwa jambo lolote lile ni hapana. Halisemi kwa hasira. Kwake ni kama kukohoa kidogo kabla ya kuanza maongezi. Mteja akiingia dukani na saa iliyolala, akauliza kama itapona, Baba humjibu hapana bila kuinua kichwa, kile kioo chake cha kukuzia kikiwa bado kimebanwa jichoni. Mteja mgeni huondoka. Mteja mzoefu huvuta kigoda, akakaa, akauliza tena, akakataliwa tena, kisha Baba hunyoosha mkono na kusema, "Haya, niachie." Saa hizo karibu zote hupona.

Sisi wa nyumbani tumezaliwa ndani ya hapana hiyo, hatuisikii tena. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunaomba kitu mara tatu kwa pumzi moja ili tusipoteze muda. Hata kuoana, Mama ndiye aliyemwambia Baba waoane, maana Baba mwenyewe hakuwa na mpango wa kufungua mdomo, na jibu alilopewa unalijua. "Nikamwambia tena kesho yake," Mama husimulia, "na keshokutwa nikaenda na gauni jipya." Alipomweleza kwamba mimi niko njiani, Baba alisema hapana vilevile, halafu akatoka kwenda kununua kitanda cha mtoto.

Ukimuuliza kwa nini yuko hivyo, atakwambia anapima. Anayetaka jambo kwelikweli atarudi, na asiyerudi alikuwa anapita njia tu. Maisha yake yote amepima watu kwa kipimo hicho na hakijamwangusha. Basi ndipo akaja Ruhusa.

Mimi nashona mapazia. Chumba changu cha kazi kiko ng'ambo ya barabara, kinatazamana na duka la Baba, na jirani yangu ni duka la vioo. Juu ya duka hilo la vioo kuna ofisi ya chumba kimoja, na ndani yake anakaa mwanamume anayeandika kurasa za mtandao. Jina la Ruhusa alipewa na Mama, siku alipokuja nyumbani kumtengenezea simu yake. Aliomba ruhusa ya kuingia, akaomba ruhusa ya kukaa, akaomba ruhusa ya kuishika simu aliyoitiwa kuishika. Mama alisema hajawahi kuona mtu mzima anayekaribia kuomba ruhusa ya kupiga chafya.

Kwa upande fulani ni kazi yake iliyomfanya awe hivyo, au labda aliichagua kwa sababu tayari alikuwa hivyo. Zamani ukurasa wa mtandao ulikuwa wa kusoma tu, unaukodolea macho na wenyewe umekaa. Siku hizi vivinjari vimefungua milango ya ndani ya simu. Ukurasa unaweza kutumia kamera, kusikia kwa maikrofoni, kutikisa simu mkononi, kuzuia skrini isizime, hata kuongea na mzani wa dukani kwa kebo, bila mtu kuweka programu yoyote. Ila mingi ya milango hiyo haifunguki mpaka mwenye simu aulizwe na akubali. Ruhusa ndiye fundi wa milango hiyo. Anaweza kukaa siku nzima akitafuta namna ya upole zaidi ya kuuliza swali moja.

Tulifahamiana alipokuja kuagiza pazia, kwa kuwa jua la mchana lilikuwa linampiga kwenye skrini. Nilipomaliza kupima dirisha lake, aliniomba namba ya simu. Mimi ni mtoto wa Baba, kwa hiyo nikasema hapana, huku natabasamu kama mtu anayetangaza ndiyo kwa kipaza sauti. Akasema, "Sawa, nashukuru," akarudi kwenye kompyuta yake. Nikangoja aulize tena. Nilingoja mpaka pazia likaisha. Nilimpelekea mwenyewe, nikapanda kwenye kiti nikalitundika, nikamwambia nikiwa kule juu, "Uliza tena."

"Si ulikataa?"

"Nilikataa, ndiyo. Uliza tena."

Akauliza, na tangu hapo tukawa watu wa kupitishiana chai ngazini. Baada ya miezi kadhaa alianza kusema "nikimwona baba yako" na mimi nikawa najibu "ukishamwona Baba." Tukaelewana hivyo. Nilimpenda, na nilitaka kuolewa naye, na nilitaka Baba akubali, kwa sababu furaha ambayo Baba hayumo ningeila lakini isingeshuka.

Kosa langu ni kwamba sikumwonya. Unajua mtu hakumbuki kumwambia mgeni habari za mlango wa nyumbani kwao unaokwaruza. Yeye ameshauzoea.

Alikuja Jumamosi mchana, amepigiwa pasi mpaka soksi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia linalotenga duka na nyumba, pazia nililolishona mwenyewe na ambalo, nashukuru, nililiachia tundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Naomba ruhusa nikae."

"Hapana," akasema Baba, kibano mkononi, macho kwenye saa.

Ruhusa akabaki amesimama. Kigoda kilikuwa hapo mbele ya magoti yake, na yeye akasimama kando yake mpaka mwisho wa mazungumzo, kama mtu aliyekuja kukagua bomba.

Akaanza kueleza. Alisema amemletea mzee kitu kidogo, ukurasa wa kusikiliza saa. Unafunguka kwenye kivinjari cha simu. Ukiilaza saa karibu na maikrofoni, ukurasa unausikia mdundo wake na kuuchora kwa vidoti. Saa ikiwa sawa, vidoti vinakwenda mstari ulionyooka. Ikikimbia, mstari unapanda, na ikichelewa unashuka. Nikampitishia simu ya dukani kando ya pazia, akaufungua ukurasa, akaiweka mezani mbele ya Baba. Swali likatokea juu ya skrini: ukurasa huu unataka kutumia maikrofoni yako. Chini yake kulikuwa na vitufe viwili, Ruhusu na Zuia.

Baba akainama, akasoma, na kidole chake kikaenda pale ambapo kimekuwa kikienda maisha yake yote. Akabonyeza Zuia.

Ruhusa akanyoosha ukosi wa shati. "Si neno, mzee. Jambo la pili ni kubwa kuliko hilo. Nampenda binti yako, na nakuomba ruhusa nimuoe."

"Hapana."

"Nimekuelewa, mzee. Nashukuru kwa muda wako."

Akainamisha kichwa kwa adabu, akafungua mlango taratibu, akatoka, akaufunga taratibu. Baba alikuwa bado ameshika kibano hewani, ameinua nyusi kidogo, tayari kwa raundi ya pili. Sekunde zikapita. Akageuka kwenye pazia, maana alijua tangu mwanzo kuwa nipo.

"Amekwenda wapi?"

"Amekwenda zake, Baba. Umemkataa."

"Nimemkataa mara moja tu." Akakitazama kigoda. "Hata kukaa hakukaa."

"Wewe ndiye uliyemkataza kukaa."

"Mara moja," akasema Baba, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa.

Jioni hiyo nilipanda ngazi za duka la vioo mbili mbili. Nilimweleza Ruhusa habari yote ya Baba: wateja, kigoda, Mama na gauni lake jipya. Nikamwambia arudi kesho, akataliwe tena, arudi keshokutwa, mambo yaishe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Baba yako amesema hapana. Nikirudi nitakuwa namwonyesha kwamba neno lake silijali."

"Neno lake ndilo linalotaka urudi."

"Wewe unajua hivyo kwa kuwa ni mtoto wake. Mimi nimesikia hapana." Akavuta kiti karibu. "Umewahi kufungua ukurasa ambao kila ukigusa kitu unakudai ruhusa, ukiukatalia unakudai tena? Watu walichoshwa na kurasa hizo hadi vivinjari vikaweka sheria, kwamba ukizuiwa, umezuiwa. Siwezi kutengeneza kurasa zenye adabu mchana, halafu jioni nikawe king'ang'anizi mlangoni kwa watu."

Nilimpenda zaidi kwa maneno hayo, na wakati huohuo nilitamani kumrushia mkasi. Nikashuka, nikavuka barabara, nikamwambia Baba amwite.

"Hapana," akasema Baba. Nikamwambia tena. "Hapana." Nikamwambia mara ya tatu, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, ya tatu nayo ikawa hapana. "Nikimwita mimi, nitakuwa nimempima nini? Akitaka atarudi."

Basi wanaume wangu wawili wakakaa, mmoja chini upande huu wa barabara, mwingine juu upande ule, kila mmoja akimngoja mwenzake kwa heshima kubwa. Baba alikuwa anafuta kioo cha mlango mara kwa mara kuliko kinavyochafuka. Kigoda alikisogeza karibu na mlango. Mama akaanza kupika chai ya kikombe kimoja cha ziada bila kuulizwa, na kila alasiri tukawa tunakinywa sisi kwa zamu, kimepoa.

Jambo lililonikata maini ni maboksi. Kampuni ya mji mwingine ilikuwa imemwandikia Ruhusa ikimtaka, na alikuwa hajaijibu kwa sababu yangu. Sasa nilipopanda ngazi nilikuta rafu ziko nusu, na vitabu viko kwenye maboksi yaliyopangwa kando ya ukuta. Alisema atawajibu Jumatatu. Aliniambia hivyo huku akiniangalia viatu. Nilirudi kwenye cherehani nikashona upindo wa pazia zima kwa upande wa nje.

Asubuhi iliyofuata nilivuka barabara nimejaa maneno. Nilikuwa nimeyapanga usingizini, na mengine hayakuwa ya mtoto kumwambia mzazi. Nikakuta mlango wa duka umerudishiwa. Baba alikuwa amekaa mezani, amelaza saa ndogo ya kike juu ya simu ya dukani, na alikuwa anaigombeza simu.

"Huu ukurasa wa mwenzako umenuna," akaniambia. "Nimeufungua, nimeufunga, nimeufungua. Nimeizima simu na kuiwasha. Unasema tu maikrofoni imezuiwa. Hauniulizi tena."

"Ulibonyeza Zuia."

"Mara moja."

"Ndivyo ukurasa huu ulivyo, Baba. Ukiukataa mara moja unatii. Hata ukitaka kukuuliza tena hauwezi, kivinjari hakiuruhusu."

"Sasa utajuaje kama nilikuwa naupima?"

"Hauwezi kujua. Hauna mtu wa nyumbani kwetu wa kuuambia." Maneno yangu yote niliyoyapanga yakawa yananitoka kwa jambo jingine kabisa. "Anayeweza kubadilisha ni mwenye simu peke yake. Kwa mkono wake."

Nikamwonyesha alama ndogo ya kufuli iliyo juu, kando ya anwani ya ukurasa. Nilitaka kumsaidia kuibonyeza, akanisukuma mkono. Akavaa miwani yake ya kusomea, akaigusa alama, ikafunguka orodha fupi, akalipata neno maikrofoni na mbele yake neno Zuia. Alikaa akilitazama kidogo. Kisha akalibadilisha mwenyewe, na ukurasa ukaamka.

Vidoti vikatapakaa kila mahali. Mstari hakuna, ni vurugu tupu. Baba akakunja uso, halafu akainua kichwa akatazama kuta. Duka letu lina saa za ukutani kila upande, kubwa kwa ndogo, na kila moja ilikuwa inapiga mdundo wake. Ukurasa ulikuwa unazisikia zote kwa pamoja. Akainuka, akaanza kuzisimamisha moja baada ya nyingine, nyingine kwa kidole kwenye timazi yake inayobembea, nyingine kwa kutoa betri, na mimi nikamsaidia zile za chini. Ilipotulia ya mwisho, duka likawa kimya namna ambayo sijawahi kuisikia.

Pazia likafunguka, Mama akaingia na mwiko mkononi.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," akasema Baba. "Simama hapo, usipumue sana."

Vidoti sasa vilikuwa vimejipanga. Vilikwenda mstari mmoja mwembamba ulioshuka taratibu, kwa maana saa ilikuwa inachelewa. Baba akachukua kile chuma chake chembamba kuliko sindano, akakigusisha ndani ya saa, akasukuma kitu ambacho mimi hata sikukiona. Mstari sasa ukawa unashuka kidogo tu. Akagusa tena. Mstari ukanyooka, ukaenda hivyo hivyo mpaka ukingoni mwa skrini, na simu ikatikisika chini ya kiganja chake.

Akauondoa mkono kwa mshtuko. "Mbona inatikisika?"

"Yeye ndiye aliyeiweka hivyo," nikasema. "Saa ikikaa sawa, simu inatikisika, ili fundi asilazimike..." Nikanyamaza, kwa sababu sentensi ilikuwa imefika mahali ambapo na mimi ndiyo kwanza nafika.

"Asilazimike kusikia," Baba akamalizia.

Hapo niseme jinsi Baba anavyofanya kazi. Tangu nimjue, saa akishaifunga huiweka sikioni, akafumba macho, akaisikiliza. Mwaka huu nilimwona akiigeuza kwenye sikio la kushoto, halafu akawa anazitia saa ndogo za kike kwenye droo na kuwaambia wenyewe waje wiki nyingine. Nilidhani amechoka. Mama alidhani ameanza uvivu wa uzee na alikuwa anamtania. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria sikio.

"Nani alimwambia?" Baba akauliza.

"Si mimi. Mimi nilikuwa sijui, Baba."

"Siku aliyokuja kutengeneza simu," akasema Mama polepole. "Ulikuwa unamgeuzia kichwa kila akiongea."

Ruhusa alikuwa ameona mara moja kile ambacho sisi tunaoishi na Baba hatukukiona. Na hakusema neno. Alikwenda akatengeneza ukurasa, akautia mtikisiko ndani yake, akauleta kama zawadi ya kawaida, akakataliwa, akashukuru. Machozi yalinitoka, sikujaribu kuyaficha.

"La kulia lilikufa kitambo," Baba akasema, akiitazama ile saa ndogo. "La kushoto linafuata. Nilikuwa naogopa kufunga duka."

"Mimi nilidhani hunisikilizi kwa makusudi," akasema Mama.

"Mara nyingine ilikuwa makusudi."

Mama akampiga kidogo begani kwa mwiko, kisha akauacha mkono wake palepale begani. Baba akaivuta droo. Zilikuwa saa nyingi kuliko nilivyodhani, zimelala zimebanana. Akachukua ya pili, akaifungua mgongo, akailaza juu ya simu, akaigusagusa mpaka mtikisiko ukaja, akatabasamu peke yake. Akachukua ya tatu. Nilimwacha afanye. Kwa muda mrefu nilikuwa sijamwona na furaha ya namna hiyo, ya mtu aliyerudishiwa mkono wake.

Alipoiweka chini ile saa ya tatu, akavua kile kioo cha jichoni, jambo ambalo halifanyi kabla ya chakula cha mchana.

"Na mwenyewe yuko hivi hivi?"

"Nani?"

"Huyo mwenye ukurasa. Ukimkataa mara moja harudi kuuliza?"

"Harudi, Baba. Nilikwambia."

"Hata kama anataka?"

"Hata kama anataka. Anafunga vitabu vyake. Jumatatu anawajibu watu wa mji mwingine."

Baba akafikiri. "Na kufuli lake liko wapi?"

"Juu ya duka la vioo," akasema Mama, naye tayari alikuwa anafungua aproni.

Tukavuka barabara watatu. Ngazi zilimtoa Baba jasho, akasimama katikati akashika ukuta, akakataa kushikwa mkono. Ruhusa alikuwa amepiga magoti sakafuni akifunga boksi kwa utepe wa gundi. Alipotuona akaruka wima na kipande cha gundi kimemnasa kwenye mkono wa shati.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama. Naomba ruhusa nikuletee kiti, mzee."

Niliuona mdomo wa Baba ukifunguka na lile neno likija. Mama akakohoa. Baba akaufunga mdomo, akaufungua tena.

"Lete," akasema, na ilimgharimu.

Kiti kikaletwa, akakaa, akapumua. "Nimekuja kubadilisha jibu. Nasema ndiyo."

"Ndiyo kwa lipi, mzee?"

"Kwa yote mawili. Ukurasa unafanya kazi. Na sikio langu linakushukuru, hilo nalo tuliseme, maana wewe uliliona." Akamnyooshea mkono. "Na binti yangu nimekubali."

Ruhusa akaupokea mkono huo kwa mikono yake miwili, macho yamemjaa. Mama akapiga kigelegele kifupi, cha chumba kidogo. Kisha wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Baba akauliza tutaishi wapi, Ruhusa akasema kampuni atawajibu kuwa haji, Mama akauliza ukumbi wa harusi, Baba akasema ukumbi hapana, Mama akauliza tena. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kama mteja ambaye wenye duka wamesahau kwamba yumo. Nilikuwa na furaha hadi miguu ilikuwa inataka kucheza, na chini ya furaha hiyo damu ikaanza kunichemka.

"Samahani," nikasema.

Wakanigeukia.

"Wewe ulimuuliza Baba. Baba alikukatalia, amejifikiria, amepanda ngazi, amekukubalia. Mmepeana mikono. Mama anapanga ukumbi. Sasa nionyesheni ni wapi mimi nimeulizwa."

Ruhusa alinitazama, kisha akamtazama Baba, kisha akanitazama tena. "Lakini tulielewana," akasema.

"Tulielewana, ndiyo. Hukuniuliza."

Niliona namna lilivyomshukia. Mtu asiyeweza kuwasha maikrofoni ya mwenzake bila kumuuliza, mtu anayemaliza siku nzima kwenye swali moja, alikuwa amemuuliza kila mtu isipokuwa mwenyewe anayeolewa. Uso ulimwiva mpaka masikio. Akaibandua ile gundi kwenye shati, akakosa pa kuiweka, akaibandika kwenye suruali.

"Ni kweli," akasema. "Naomba ru..." Akaikata. Akanisogelea, akasimama mbele yangu, na safari hii hakuomba ruhusa ya kuuliza. Aliuliza. "Nakupenda. Utakubali tuoane?"

Wote wakaniangalia. Baba alikunja mikono akaegemea kiti kwa raha, maana alijua kinachofuata, ni mtoto wake aliyesimama pale. Na kweli hapana ilikuwa imeshafika kwenye ulimi wangu. Ilikuwa tamu, ningeisema huku nacheka. Na Ruhusa angesema sawa, nashukuru, angeokota gundi yake akaendelea kufunga maboksi, na mimi ningebaki ngazini nikimngoja aulize tena mpaka nitoke mvi. Alikuwa amefumba macho kama mtu anayengoja sindano.

"Ndiyo," nikasema.

Hakufumbua macho. Nadhani alikuwa anangoja iliyobaki.

"Hakuna nyingine," nikamwambia. "Ni hiyo hiyo."

Baba alinitazama kwa masikitiko ya dhati. "Mwanangu, hata mara moja tu? Utajuaje kama..."

"Angeondoka, Baba."

Baba akamgeukia Ruhusa, akamkagua kuanzia soksi, akafikia uso, ambao sasa ulikuwa umefumbua macho na unacheka bila mpangilio.

"Angeondoka kweli," akasema. Akainuka kwenye kiti, akalisogelea boksi la kwanza, akaling'oa gundi, akaanza kurudisha vitabu kwenye rafu, bila kumwomba mtu ruhusa.